Mgongo wa mkulima ni mtaji: usiununulie mkanda kabla hujautandikia mkeka

WATANZANIA wamezoea kusema kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Msemo huo hutajwa kwa fahari mashambani, sokoni na hata majukwaani. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza maswali ambayo mfanyabiashara yeyote makini hujiuliza kuhusu mtaji wake: unatunzwaje, unachakaa kwa kasi gani, na siku ukikatika kazi itaendeshwa na nini?

Kwa mkulima wa jembe la mkono, kwa mama anayepanga nyanya chini sokoni kuanzia alfajiri hadi jioni, kwa kuli wa gulioni na kwa fundi cherehani, sehemu kubwa ya mtaji huo imekaa mahali pamoja, yaani mgongoni. Jembe likivunjika mpini huchongwa mwingine siku hiyo hiyo. Baiskeli ikilegea mnyororo hupelekwa kwa fundi. Lakini mgongo ukianza kuuma, mwenye nao humeza vidonge viwili, hufunga kanga kiunoni na kuendelea kulima mpaka siku atakaposhindwa kunyanyuka kitandani.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na inakadiriwa kwamba ifikapo mwaka 2050 idadi hiyo itafika milioni 843. Hakuna tatizo lingine linalowafanya watu wengi zaidi duniani waishi na ulemavu kuliko hilo.

Soko la maumivu

Penye wagonjwa wengi wauzaji hawakosekani. Mijini, na sasa hata kwenye minada ya vijijini, zinauzwa bidhaa za kila aina kwa ajili ya mgongo. Kuna mikanda mipana ya kufunga kiunoni, vibao vya plastiki vilivyopinda ambavyo mtu hulalia chali, mashine za umeme za kutetemesha misuli, mipira mikubwa ya mazoezi, na hata meza ambazo mtu hufungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini ili mgongo "ufunguke". Baadhi ya bidhaa hizo zinauzwa kwa elfu chache, nyingine kwa bei inayoweza kununua mbuzi kadhaa.

Swali la kiuchumi ni rahisi: katika fedha hizo, ipi inarudi na ipi inapotea?

Jibu linaanza kuonekana katika mwongozo ambao WHO iliutoa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya muda mrefu ya sehemu ya chini ya mgongo. Mwongozo huo unaunga mkono elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, na baadhi ya tiba za mikono kama kuchua. Kwa upande mwingine, unashauri kwamba mikanda ya kiuno, tiba ya kuvuta mgongo kwa vifaa, na dawa kali za jamii ya afyuni visiwe sehemu ya matibabu ya kawaida ya tatizo hilo.

Kwa lugha ya mfukoni, maana yake ni kwamba bidhaa mbili zinazopigiwa debe sana, yaani mkanda na kifaa cha kuvuta mgongo, ndizo ambazo ushahidi wake ni dhaifu. Mkanda humpa mtu hisia ya kushikwa, lakini haufanyi kazi ya misuli. Meza ya kuning'inia kichwa chini huweza kuleta nafuu ya muda, lakini pia hupandisha msukumo wa damu na msukumo ndani ya macho. Mtu mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au presha ya macho anaweza kujiletea balaa kubwa kuliko maumivu aliyokuwa nayo.

Mazoezi, kwa upande wake, yamechunguzwa kwa muda mrefu. Mapitio makubwa ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, yakaonyesha kuwa waliofanya mazoezi walipata nafuu kuliko wale ambao hawakutibiwa au walioendelea na matibabu ya kawaida. Mwaka 2024, watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watu wazima 701 ambao walikuwa wamepona maumivu ya mgongo. Waliopewa mpango wa kutembea pamoja na elimu walikaa kwa wastani siku 208 kabla ya maumivu kuwarudia, ikilinganishwa na siku 112 kwa ambao hawakupewa. Ni kweli kwamba Waaustralia hao hawakuwa wakilima kwa jembe la mkono. Lakini ni vyema ikazingatiwa kuwa kifaa walichotumia kilikuwa miguu yao.

Hesabu isiyoandikwa daftarini

Tatizo la kwanza la mkulima mdogo katika jambo hili lipo kwenye daftari lake la mahesabu, kama analo. Humo huandikwa mbegu, mbolea, dawa ya wadudu, usafiri na malipo ya vibarua. Kazi yake mwenyewe na ya familia yake huandikwa sifuri. Kitu kilichoandikwa sifuri hakiwezi kuonekana kimepotea, na hivyo hakuna anayeona sababu ya kukitunza.

Chukua mfano wa kaya yenye ekari mbili za mahindi ambayo mume na mke hupalilia wenyewe. Tuseme kibarua wa palizi kijijini kwao hulipwa sh 10,000 kwa siku. Msomaji anaweza kuweka kiwango cha kwao. Mmoja wa wanandoa hao akilala siku nane kwa sababu ya mgongo, na siku hizo zikaangukia katika wiki za mwanzo ambazo mahindi hayavumilii magugu, kaya ina njia mbili. Ya kwanza ni kutoa sh 80,000 kulipa vibarua. Ya pili ni kuyaacha magugu yale mbolea iliyokwisha kulipiwa. Ongeza sh 20,000 za nauli na dawa, na tayari sh 100,000 zimekwenda bila kuandikwa popote.

Sasa piga hesabu ya upande wa pili. Mazoezi si bure, kwa sababu muda wa mkulima una thamani. Dakika 15 kwa siku, kwa siku 90 za msimu, ni saa 22 na nusu. Kama siku moja ya kazi ya shambani ni saa sita, hizo ni pungufu kidogo ya siku nne, yaani chini ya sh 40,000 kwa kiwango kile kile cha kibarua. Kwa hiyo, hata kama mazoezi yatapunguza siku za kulala kwa nusu tu, kutoka nane hadi nne, na gharama nazo zikapungua kwa nusu, kaya itakuwa imeokoa sh 50,000 kwa gharama isiyofika sh 40,000. Aidha, dakika hizo zinaweza kuwekwa jioni, wakati ambao jembe limeshapumzika, na gharama yake halisi ikawa ndogo zaidi.

Hakuna anayeweza kumwahidi mkulima kwamba siku zake zitapungua kwa nusu. Lakini mfano huu unaonyesha kwamba mazoezi hayahitaji kufanya miujiza ili yalipe. Kifaa cha sh 300,000 kinahitaji miujiza.

Vifaa vilivyomo nyumbani

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba karibu kila kinachohitajika kunyoosha mgongo kimo ndani ya nyumba ya mkulima.

Kifaa cha kwanza ni mkeka. Ukitandikwa kwenye sakafu au uwanja uliofagiliwa, unatosha kwa mazoezi makuu manne. La kwanza ni kulala chali, kukunja goti moja na kulivuta taratibu kuelekea kifuani kwa mikono miwili, kulishikilia kwa muda wa pumzi tano, kisha kubadili mguu. La pili ni kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zimekanyaga mkeka, kisha kuinua kiuno mpaka mapaja na tumbo vinyooke kama daraja, na kushuka polepole. La tatu ni kupiga magoti na kushika chini kwa mikono, kuukunja mgongo juu kama paka aliyekasirika, halafu kuulegeza ushuke. La nne ni kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, kiuno kikibaki chini, kisha kupumua kwa utulivu.

Zoezi hilo la nne lina historia ya kufundisha. Mwaka 1956, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie wa Wellington, New Zealand, alimwambia mgonjwa aliyekuwa na maumivu yaliyoshuka hadi mguuni akalale kitandani kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeachwa upande mmoja umeinuliwa, na mgonjwa akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kwenda nyuma. McKenzie aliporudi alitarajia kukuta maumivu yamezidi, lakini mgonjwa alimwambia kuwa maumivu ya mguu yamekwisha. Kutokana na tukio hilo aliendeleza njia ya tiba ambayo sasa inatumika nchi nyingi. Hakukuwa na mashine mpya, bali mwili uliowekwa upande tofauti na ule uliozoea.

Kifaa cha pili ni kanga au kitenge. Mtu hulala chali, huzungusha kanga kwenye unyayo wa mguu mmoja na kuuvuta mguu juu ukiwa umenyooka kadiri anavyoweza, bila kulazimisha. Zoezi hili hunyoosha nyama za nyuma ya paja, ambazo zikikaza huuvuta mgongo kila mtu anapoinama.

Cha tatu ni tyubu kuukuu ya baiskeli. Ikikatwa na kufungwa kwenye nguzo imara au shina la mti usawa wa kifua, hufanya kazi ile ile ya mipira ya kuvuta inayouzwa katika maduka ya michezo. Mtu husimama wima, huvuta ncha mbili kuelekea mbavuni huku mabega yakirudi nyuma, mara kumi, hupumzika na kurudia. Misuli inayopata nguvu hapo ni ile inayomshikilia mkulima asijikunje mzima anapoinama.

Cha nne ni ukuta. Mfanyabiashara aliyekaa kwenye kigoda tangu asubuhi anaweza kusimama, akaegemeza visigino, makalio na mabega ukutani kwa dakika moja, kisha akaweka mikono kiunoni na kujipinda nyuma taratibu mara tano. Hilo halihitaji kufunga biashara.

Wapo wanaopenda kuning'inia kwenye tawi la mti. Kwa mtu mwenye mabega mazima si vibaya, ilimradi tawi liwe imara na miguu iweze kugusa chini. Lakini ijulikane kuwa hiyo ni nafuu ya muda mfupi, si tiba.

Mwenye fedha ya ziada anaweza kununua mpira mkubwa wa mazoezi au godoro jembamba, na hatapata hasara akivitumia. Lakini kifaa hakifanyi mazoezi. Mtu ndiye anayefanya. Mtu asiyeweza kulala kwenye mkeka kwa dakika 15 kila jioni hatabadilika kwa sababu amenunua mashine. Busara ni kujipima kwanza kwa mkeka kwa mwezi mmoja, na baada ya hapo ndipo mtu afikirie kufungua pochi.

Alfajiri si muda wa kuinama

Kati ya pingili za mgongo kuna diski, nyama laini zenye maji zinazofanya kazi kama springi za gari. Usiku mtu anapolala, diski hizo hunywa maji na kuvimba, na ndiyo maana binadamu huamka akiwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyokuwa jioni. Diski iliyojaa maji hubanwa zaidi pale mtu anapoinama. Kwa sababu hiyo, saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo saa mbaya kuliko zote ya kuinama sana au kunyanyua mzigo mzito.

Ratiba ya mkulima imepangwa kinyume na jambo hilo. Huamka saa kumi na moja, na kufikia saa kumi na mbili ameshainama shambani akiwa na jembe. Haiwezekani kumwambia asubiri jua lipande, kwa sababu kazi ya jua kali ina gharama yake. Lakini inawezekana kupanga upya kazi za asubuhi. Mwendo wa kwenda shambani uwe wima, mzigo usibebwe upande mmoja. Dakika za kwanza zitumike kwa kazi za kusimama, kama kukagua wadudu, kufunga uzio au kulisha mifugo. Mazoezi ya kuvuta magoti na kuukunja mgongo yafanywe jioni, si pale tu mtu anapotoka kitandani.

Shambani kwenyewe, mwisho wa kila mstari uwe alama. Mtu afikapo hapo asimame, aweke mikono kiunoni, ajipinde nyuma mara tano, kisha aendelee. Kazi haichelewi kwa nusu dakika hiyo.

"Kulima si mazoezi tosha?"

Wapo watakaouliza: mtu anayelima tangu asubuhi ana haja gani ya mazoezi? Hoja hiyo ina uzito na haipaswi kupuuzwa. Mkulima ana nguvu na pumzi kuliko watu wengi wa ofisini. Tatizo lake ni kwamba jembe humpinda upande mmoja tu, mbele, mara maelfu kwa siku, na misuli ile ile ndiyo hubeba mzigo kila wakati. Gari linalopita barabara mbovu kila siku halihitaji barabara mbovu zaidi, linahitaji gereji. Mazoezi ya kunyoosha ndiyo gereji yenyewe, kwa sababu huupeleka mwili upande ambao kazi haiupeleki.

Kikwazo kingine ni aibu. Mwanamume anayelala uwanjani na kuinua miguu juu anaweza kuchekwa na majirani kwamba amekosa kazi. Dawa yake ni kufanya jambo hilo kwa pamoja. Vikundi vya kuweka na kukopa tayari hukutana kila wiki, na vyama vya msingi vya ushirika vina mikutano yake. Dakika kumi kabla ya kuhesabu hisa zinatosha. Kikundi kinaweza pia kumwalika mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya mkoa au ya wilaya iliyo na huduma hiyo aje kuwaonyesha wanachama mara moja. Nauli yake ikigawanywa kwa wanachama 30 ni ndogo kuliko bei ya mkanda mmoja.

Na katika kikundi hicho, mgongo unaostahili kufikiriwa kwanza ni wa mwanamke. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Anayeibeba ndiye pia anayepalilia, anayebeba kuni na mara nyingi mwenye mtoto mgongoni. Jioni, wakati mume anaponyoosha mgongo kwenye mkeka, mke ameinama jikoni akipuliza moto. Kaya inayotaka mazoezi yalete faida lazima igawe upya kazi za jioni, vinginevyo itakuwa imetunza nusu ya mtaji na kuiacha nusu nyingine ichakae.

Pale ambapo mkeka hautoshi

Maumivu mengi ya mgongo hayatokani na ugonjwa mmoja unaoweza kuonekana kwa kipimo, na hupungua mtu anapoendelea kujisogeza. Kulala kitandani wiki nzima kunazidisha tatizo. Kanuni ya kufuata wakati wa mazoezi ni hii: maumivu yakitoka mguuni na kurudi kuelekea kiunoni, hiyo ni dalili njema, yakishuka zaidi mguuni, zoezi hilo liachwe. Mjamzito asilale kifudifudi, na apate ushauri wa kliniki kwanza.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo hazisubiri jioni wala mnada. Mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, akapata ganzi sehemu za siri, au miguu ikalegea, anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka mtini au kugongwa na pikipiki. Maumivu yanayoambatana na homa, kutoka jasho usiku au kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Mfugaji anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, na ambaye homa humjia na kuondoka huku mgongo na viungo vikiuma, apimwe brusela, ugonjwa ule ule unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Hakuna mkanda wala mkeka unaotibu magonjwa hayo.

Vidonge navyo visigeuzwe chakula. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zikitumiwa kila siku bila ushauri wa mganga, zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Mkulima anayelima kwa nguvu ya vidonge anakopa kwa riba asiyoijua.

Mazoezi hayafuti lumbesa

Jambo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa kuwa haliko mikononi mwa mkulima peke yake. Kunyoosha mgongo jioni hakuwezi kufuta madhara ya mchana ikiwa zana na mizigo itabaki kama ilivyo.

Katika mashamba ya mboga ya California, Marekani, vibarua wengi wao wenye asili ya Mexico walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi, ambalo waliliita "el cortito", yaani kafupi. Wamiliki walidai kuwa mpini mrefu ungeharibu mazao na kupunguza ufanisi. Madaktari walieleza jinsi migongo ya vibarua ilivyokuwa ikiharibika, na mwaka 1975 jembe hilo lilipigwa marufuku baada ya Mahakama Kuu ya jimbo hilo kutoa uamuzi. Letesi iliendelea kuota. Somo kwa mkulima wa hapa ni kwamba mpini unaolingana na kimo cha mtumiaji ni kifaa cha tiba, na fundi wa kijijini anaweza kuuchonga. Mpini wa baba si lazima umfae mama.

Kuhusu mizigo, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mtu mzima usizidi kilo 55. Kenya iliweka kanuni za viazi mwaka 2019 zinazotaka gunia lisizidi kilo 50. Nchini Tanzania, Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, lakini bado magunia yenye vilemba yanaonekana yakipakiwa malorini. Mara nyingi lumbesa hulalamikiwa kwa sababu moja tu, kwamba humwibia mkulima kilo zake. Ukweli ni kwamba huiba mara mbili: kwanza kwenye mzani, kisha kwenye mgongo wa anayelibeba. Mkulima anayekataa kufungasha lumbesa analinda bei yake na pia kiuno cha kijana wake.

Kwa hiyo, kabla ya msimu ujao, kila kaya ingefanya vyema kuongeza mstari mmoja kwenye daftari la mahesabu: siku zilizopotea kwa sababu ya mgongo, na thamani yake kwa bei ya kibarua. Mstari huo ukijazwa kwa uaminifu kwa msimu mmoja, utaonyesha wazi kwamba dakika 15 za mkeka, mpini wa kimo sahihi na gunia la uzito wa halali ni pembejeo kama mbegu na mbolea. Tofauti yake ni kwamba pembejeo hizi haziuzwi kwa mkopo, na hakuna wakala wa kuzileta kijijini. Inabidi kaya iamue yenyewe, jioni ya leo, nani atatandika mkeka na nani atapuliza moto.